Rada Ilisema Imeshapita

Mwaka ambao mama alivunjika nyonga, mvua ilichelewa Ufipa yote, na watu wa kijijini kwetu wakaanza kuulizana nilikuwa nimerudi kufanya nini hasa.

Walikuwa na haki ya kuuliza. Niliondoka nyumbani, karibu na kijiji cha Msanzi, nikiwa msichana wa shule. Nikarudi mtu mzima, sina mume, sina mtoto wa kuwaonyesha, nina kompyuta mbili na betri kubwa ya sola iliyobebwa na watu wawili kutoka barabarani. Asubuhi nilimwogesha mama, nikampa uji wa ulezi, nikamsogeza uani apate jua. Kisha nilijifungia chumba cha mbele nikaanza kuzungumza kwa lugha ya kigeni na watu wasioonekana. Mkulima huonekana akilima, na mwalimu huonekana akiingia darasani. Mimi nilionekana nimekaa tu, halafu jioni nasema nimechoka.

Huko Dar es Salaam nilikoishi miaka mingi, nikisema natoka Sumbawanga watu walicheka na kuniuliza swali lile lile la uchawi, kisha wakasogeza viti vyao kwa utani. Nililizoea. Sikutarajia kwamba siku nitakayorudi kwetu, wa kwetu nao watasogeza viti, tena bila utani.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Kampuni moja ndogo, katika nchi ambayo sijawahi kukanyaga, ilikuwa na satelaiti moja isiyozidi ukubwa wa debe. Ilizunguka dunia ikipiga picha za mashamba. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wachache waliotakiwa kujua itakuwa wapi kesho na keshokutwa. Iliporushwa ilikuwa na kifaa cha kutambua mahali ilipo, lakini kifaa hicho kilikuwa kimekufa kabla sijaajiriwa. Kwa hiyo ilikuwa ikizunguka bila kujijua, nasi tulitegemea vipimo vya rada za watu wengine.

Rada hurusha wimbi, wimbi hugonga chombo kule juu, hurudi. Ukijua wimbi limechukua muda gani, unajua umbali. Ukijua antena ilikuwa imeelekea wapi, unajua upande. Ukisikia hivyo unadhani ni jambo rahisi. Lakini saa ya rada ikikosea kidogo, umbali umekosewa. Antena ikiinama kidogo kuliko wenyewe wanavyodhani, upande umekosewa. Hata vyote hivyo vikiwa sawa, kuna tabaka la hewa kule juu ambalo jua hulivuruga, na wimbi likipita humo huchelewa na kupinda, kwa hiyo kosa la mchana si kosa la alfajiri.

Mama aliniuliza siku moja kosa la mita kadhaa linamuumiza nani kule mbinguni ambako hakuna watu. Nilimweleza kwa plau. Nilimwambia, mtu akianza mfereji wa kwanza karibu na nyumba, ng'ombe wakaelekea pembeni kwa upana wa kidole, hapo hapo hutaona kitu. Lakini shamba likiwa refu, mwisho wake atakuwa anamlimia jirani. Satelaiti nayo ni hivyo. Ukikosea kidogo urefu wake kutoka ardhini, umekosea na mwendo wake, maana iliyo chini hukimbia kuliko iliyo juu. Mwendo huo uliokosewa ukiuzidisha kwa mizunguko ya siku nzima, kisha ya siku ya pili, unakuta satelaiti iko kilomita nyingi mbele au nyuma ya pale ulipoapa itakuwapo.

Mama alinielewa haraka, kwa sababu aliwahi kugombana na jirani juu ya mpaka. Akaniuliza tu, "Na anayeshika plau ni nani?"

Nikamwambia simjui. Vipimo huletwa kwa mtandao, wanaovipima sijawahi kuwaona.

Mtandao wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Siku ukikataa nilipanda hadi Sumbawanga mjini nikafanyie kazi huko, na nikichelewa mkutano, mkuu wangu wa kazi alitaja saa kabla ya kuendelea. Mara hizo nilianza kuzihesabu. Ili nisitegemee vipimo vya mbali peke yake, nikatengeneza antena yangu. Nilinunua mjini antena kuukuu ya televisheni, nikaikata vipande vyake vya alumini kwa vipimo nilivyotaka, nikaifunga kwenye mlingoti wa mti, nikamlipa fundi paa akaipandisha. Waya ukashuka hadi dirishani kwangu.

Satelaiti yetu ilikuwa ikitoa mlio mmoja mwembamba muda wote. Inapokujia, mlio huwa juu. Ikishakupita, unashuka, kama honi ya lori la mahindi linalokupita barabarani. Pale mlio unaposhuka kwa kasi zaidi ndipo satelaiti iko karibu nawe kuliko wakati mwingine wote. Nikijua sekunde hiyo, najua ilipo, bila kumuuliza mtu wa rada.

Nilipoanza kusikiliza, satelaiti ilichelewa.

Haikuchelewa sana, ni chini ya sekunde moja. Nikashuku saa ya kompyuta yangu, nikailinganisha na ya simu, zikaafikiana. Nikashuku antena yangu, maana niliikata kwa msumeno wa kuazima. Kesho yake satelaiti ikachelewa zaidi. Siku iliyofuata zaidi tena. Vilipoletwa vipimo vipya vya rada ilirudi karibu na wakati wake, halafu ikaanza tena kubaki nyuma siku hadi siku. Hapo nikaacha kuishuku antena. Antena mbovu hukosea ovyo. Kosa hili lilikuwa na tabia, na lilikua kwa mpangilio. Kulikuwa na rada moja, kati ya zile tulizozitegemea, iliyokuwa inasema satelaiti iko chini kidogo kuliko ilivyo. Ikisema iko chini, hesabu inadhani satelaiti inakwenda kasi, kwa hiyo inaiweka mbele ya pale ilipo. Nikaondoa vipimo vya rada ile kwenye hesabu, na uchelewaji ukapungua nusu. Sikupata uhakika. Nilichopata ni sababu nzuri ya kutowaamini wenye rada ile.

Nikamwandikia mkuu wangu. Alijibu kwa adabu kwamba rada ile imejengwa na watu wanaojua kazi yao, na akaniuliza kama mazingira yangu ya kazi kwa sasa yananiruhusu kutulia. Nililisoma swali lile mara kadhaa. Nilielewa kwamba kosa limeshatafutiwa mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Wakati huo huo kijiji nacho kilikuwa kinafanya hesabu zake. Novemba ilikuwa inakwisha na ardhi ni vumbi. Mahindi waliyoyapanda wenye haraka yalikuwa yameoza au yameliwa na panya. Mama jirani, rafiki wa mama tangu usichana wao, aliyekuwa akija kila siku kumkanda mguu, alipunguza kuja, kisha akaacha. Nilipokutana naye kisimani alinijibu salamu akiangalia ndoo. Kanisani Jumapili benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa. Nilisikia kwa mke wa mjomba kwamba watu wanasema waya wa paani unakamata mawingu kabla hayajafika, na wengine wanasema ni mambo ya Freemason.

Mama naye alianza kuniangalia. Asubuhi moja nilikuwa namvalisha, akanishika kiganja cha mkono.

"Mwanangu, niambie mimi niliyekuzaa. Unaongea na nani?"

Sikukasirika. Nilimbeba hadi chumba cha mbele, nikamkalisha, nikamvalisha visikilizio vya masikioni, tukangoja. Satelaiti ilipotokea upande wa Ziwa Tanganyika mlio ukaanza kuja katikati ya kelele, na mama akakunja uso. Mlio ulipita juu, ukashuka, ukapotea. Alivivua mwenyewe. Akasema kwa Kifipa kwamba ni kama mtu aliyeshika safari asiyetaka kuaga. Halafu akarudi kwenye Kiswahili, ambacho kwetu ni lugha ya mambo ya serikali, akasema amenisikia, lakini mwenyekiti wa kijiji atakuja, na hatakuja kusikiliza milio.

Mwenyekiti alikuja siku ile ile nilipopata onyo.

Onyo lilitoka asubuhi. Kipande cha roketi kuukuu, kilichoachwa huko juu na watu wasiokikumbuka tena, kingekatisha njia ya satelaiti yetu baada ya siku chache. Kwa mujibu wa hesabu za rada, satelaiti ingefika kwenye makutano na kupita kidogo kabla ya kile kipande, kwa tofauti ndogo mno kuivumilia. Mkuu wangu akaamua tuiwahishe zaidi. Satelaiti yetu haikuwa na injini. Tulichoweza ni kuigeuza ikabiliane kwa ubavu na ile hewa nyepesi iliyoko kule. Hewa inaipunguza, inashuka kidogo, na ikishashuka njia yake inakuwa fupi na mwendo wake unaongezeka, hivyo inafika mapema. Ni jambo la ajabu, lakini ndivyo lilivyo: ukiishika breki, inawahi. Mimi ndiye niliyetakiwa kuandaa amri hiyo.

Niliangalia tena vipimo vya antena yangu. Kama satelaiti kweli ilikuwa nyuma ya utabiri, kama nilivyoisikia, basi ingefika makutanoni kipande kikiwa kimeshakwenda zake mbali, na hapakuwa na hatari yoyote. Lakini tukiiwahisha, tungeitoa nyuma ilipo salama na kuisukuma kuelekea pale pale kipande kinapopita. Tungekimbia ajali ya kwenye karatasi tukaikute ya kweli.

Nilikuwa bado nimeshika kichwa mwenyekiti aliposema hodi.

Alikuwa mzee wa rika la marehemu baba, mrefu, amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Nilimwamkia, akaitika, akamjulia hali mama kwa muda wa kutosha, akakataa maji. Alikuja peke yake, na hilo lilinitisha kuliko angekuja na mgambo. Akaniambia kwamba watu wanataka waya ushuke kwa sababu ya mvua. Nilianza kumweleza habari ya mawingu na ya alumini. Akainua kiganja taratibu.

"Mvua ni ya Mungu," alisema. "Mimi nina swali langu. Hicho kitu unachokisikiliza kinapiga picha?"

"Kinapiga, mzee."

"Za mashamba?"

"Za mashamba."

"Ya hapa kwetu?"

Nilimwambia ya popote kinapopita, na ya hapa pia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa ameshajua. Kisha akauliza, "Na picha hizo ananunua nani?"

Nilijua urefu wa njia ya satelaiti ile, nilijua uzito wake, nilijua sauti yake kama ninavyojua kikohozi cha mama. Hilo la mnunuzi sikuwahi kuliuliza.

Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba zamani walikuja vijana wa mjini na vyombo vya miguu mitatu, wakasema wanapima barabara. Walikaribishwa, wakala kuku. Miaka ikapita, barabara haikuja, lakini malisho ya upande wa pili wa mto yakagundulika yana mwenyewe, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Tangu hapo, alisema, akiona mtu amejifungia na mashine anataka kujua kabla, si baada. Mimi ni binti wa pale na ndiyo maana ananiuliza kwa upole.

Nilimwomba aniachie antena hadi kipande kile kipite. Nilimweleza kwa nini, nikidhani ataona ni porojo. Alisikiliza. Akasema sawa, lakini waya ushuke baada ya hapo, na swali lake nilipeleke kwa hao ninaowafanyia kazi. Nikakubali yote mawili.

Jioni ile nilimwandikia mkuu wangu kwamba sitaandaa amri ya kuigeuza satelaiti. Nilimtumia milio yote niliyorekodi, nikamwonyesha jinsi uchelewaji unavyokua, na jinsi unavyopungua nikiiondoa rada ile moja. Nikamwambia kama haamini antena yangu, aombe kipimo kutoka rada nyingine kabisa, isiyohusiana na ile, kabla hatujagusa kitu. Kwenye mkutano uliofuata hakuna aliyetaja barua yangu, na mwenzangu mmoja, ambaye kwa kawaida alinitania, alisoma taarifa yake haraka haraka bila kuangalia kamera. Nikajua kwamba wanazungumza pembeni. Nikaanza kushuku kuwa kazi ya kuandaa amri ameshapewa mwenzangu huyo.

Nilichokuwa nacho ni masikio tu. Kila satelaiti ilipopita nilisikiliza kama imegeuzwa, maana ikigeuzwa mlio wake hubadilika nguvu. Nilimsahau mama juani hadi akaniita. Uji uliungua. Nilijaribu kufikiria kwamba huenda mimi ndiye niliyekosea, kwamba antena iliyokatwa kwa msumeno wa kuazima imeniingiza kiburi, na kwamba nikikosea watu watasema alikuwa kijijini, mama mgonjwa, tungetegemea nini. Wazo hilo liliuma, lakini mlio uliendelea kuja nyuma ya wakati wake, kila mara nyuma zaidi, na sikuweza kujifanya sisikii.

Siku moja kabla ya makutano, mvua ilinyesha. Ilianzia upande wa Mwimbi, tukaiona inakuja kama pazia la kijivu, kisha ikapiga bati kwa kishindo hadi nisiweze kusikia chochote kwenye vile vya masikioni. Waya ulikuwa bado paani, unachuruzika maji. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Katikati ya kelele hiyo ujumbe wa mkuu wangu ukaingia. Ulikuwa mfupi. Walikuwa wameomba kipimo cha rada nyingine. Kipimo hicho kiliirudisha satelaiti nyuma, si kwa kiasi nilichosema mimi, lakini kuelekea huko huko. Hatungeigeuza. Hapakuwa na asante, wala sikuitarajia.

Kipande kikapita. Satelaiti ikaendelea kulia. Ningependa kusema kwamba hilo lilithibitisha kitu, lakini halikuthibitisha. Hata tungeigeuza, huenda vingepishana tu, maana anga ni pana, na ajali isiyotokea haimwachii mtu ushahidi wowote. Baada ya muda wenye rada ile walituma taarifa ya mistari michache kwamba vipimo vya kipindi fulani visitumike. Hawakusema kosa lilikuwa nini, wala lilianza lini. Nilirudi kwenye hesabu za nyuma, za miezi ambayo sikuwa na antena, nikaziangalia moja moja. Zote zilionekana nzuri. Zile mbovu nazo zilikuwa zimeonekana nzuri.

Mwenyekiti alikuja matope yakiwa bado mabichi mlangoni. Nilidhani mvua imenimalizia kesi, nikasema kwa uchangamfu kwamba mbingu zimefunguka. Akasema ni kweli, Mungu ashukuriwe, na akauliza fundi paa anakuja saa ngapi. Ndipo nikaelewa kwamba alipotaja mvua mara ya kwanza alikuwa akinipa njia ya kuushusha waya bila aibu, bila kulazimika kujibu ninamfanyia nani kazi.

Nilimpa jibu la swali lake pia. Nilikuwa nimelipeleka kwa mkuu wangu, naye akaniandikia kwamba orodha ya wateja ni siri ya biashara, hata kwa wafanyakazi.

"Basi umejibiwa," mwenyekiti alisema.

Hakuniambia niache kazi. Alimuaga mama, akaondoka akikwepa madimbwi. Nilifanya kazi ile hadi mkataba ulipokwisha, na sikuomba mwingine. Sikuwa na kitu cha kuwashtaki nacho. Kila nilipotuma hesabu nilijiuliza nanyoosha mfereji wa nani, na swali hilo halikuniacha nilale vizuri. Sasa nafundisha hesabu mjini Sumbawanga, na mwisho wa juma narudi kwa mama. Mama jirani alirudi kumkanda mguu kabla ya Krismasi, bila maelezo, nasi hatukumdai.

Mama anatembea kwa fimbo. Juzi, katika baridi hii ya Julai, tulikuwa uani anapepeta ulezi, na mimi nikasoma kwenye simu kwamba satelaiti ile imeanguka. Ilikuwa imeshuka kidogo kidogo hadi hewa ikaimaliza. Watabiri walikuwa wametofautiana kuhusu saa yake hadi siku ya mwisho. Nikamwambia mama.

"Imeangukia wapi?" akauliza.

"Wanasema iliungua yote juu ya bahari."

"Wanasema," mama alisema, akautikisa ungo, akapuliza makapi.